Rangi ya Gari Imepasuka: Maswali Ninayoulizwa Gereji Kila Wiki

Napiga rangi magari hapa Dar es Salaam. Haipiti wiki bila mtu kuegesha mbele ya gereji, kuweka kidole juu ya boneti na kusema, "Fundi, hapa si unapitisha tu rangi kidogo, inakwisha?" Tumelelewa na methali ya kuziba ufa, kwa hiyo mkono unakwenda wenyewe kwenye kuziba. Kwenye rangi ya gari, kuziba ndiko kunakomrudisha mteja gereji mara ya pili, na safari hiyo gharama imepanda. Ufa unaouona juu umeanzia chini, na kazi yote ni kufika pale ulipoanzia. Nimeyakusanya maswali hapa na kuyajibu kama ninavyomjibu mteja aliyesimama nami mbele ya gari lake.

Nitajuaje kama ni ufa au ni mkwaruzo tu?

Osha gari, likaushe, kisha lipeleke penye jua la asubuhi au la jioni, lile linalopiga kwa ubavu. Jua la saa saba mchana linaficha kila kitu. Inama mpaka jicho likaribie kuwa usawa mmoja na boneti. Mkwaruzo una mwelekeo: umetoka hapa umekwenda pale, kama alama ya kitu kilichoburutwa. Ufa hauna safari. Unatawanyika kama tope la bwawa lililokauka, au unapasukia kwenye nukta moja na kutoa vidole vitatu kama mguu wa kuku.

Halafu jaribu maji. Mikwaruzo myepesi ya klia, yaani ile vanishi angavu ya juu kabisa, hupotea ikilowa. Ufa haupotei. Na uso unapoanza kukauka, tazama vizuri: mistari ya ufa inabaki na unyevu sekunde kadhaa baada ya sehemu nyingine kukauka, kwa sababu maji yameingia ndani. Maji hayo ndiyo yatakayoanzisha kutu. Mwisho pitisha ukucha kwa kukatisha mstari. Ukikwama, hiyo si kazi ya polishi.

Fundi, ni jua tu hili, au kuna kingine?

Jua linalaumiwa kuliko linavyostahili. Jua la miaka mingi huichosha klia, ikapoteza mng'aro, ikawa nyeupe kama ukurutu, ikaanza kubabuka juu ya paa na boneti. Lakini nyufa ndefu zenye kina, mara nyingi chanzo chake ni mkono wa mtu aliyepaka.

Fikiria rangi ya kiwandani. Bati husafishwa na kutiwa fosfeti, dawa ya kusaidia rangi ishike, kisha bodi nzima huzamishwa kwenye praima, yaani rangi ya msingi, inayovutwa na umeme mpaka ishike kila pembe. Juu yake hupita praima ya pili, rangi yenyewe, na klia. Vyote hivyo kwa pamoja, kwenye magari mengi, ni kama mikroni 100 hadi 150 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa mikroni 100 hivi. Kwa hiyo rangi nzima ya gari lako ni karatasi moja au moja na nusu, na imekusudiwa iwe nyembamba hivyo. Boneti nyeusi iliyokaa juani haishikiki kwa kiganja. Usiku inapoa, mvua ikinyesha ghafla inapoa kwa dakika chache. Bati linapanuka na kusinyaa kila siku, na rangi nyembamba inalifuata.

Sasa chukua gari lililopigwa rangi mara tatu bila ya zamani kutolewa. Unene umefika mikroni 400 au 500. Rangi nene namna hiyo imeshakuwa gamba, haiwezi tena kulifuata bati. Bati linasogea, gamba linabaki, na hapo panapasuka.

Sababu ya pili ni hadena, yaani ile dawa inayochanganywa na rangi ili iwe ngumu. Rangi za kisasa za kuchanganya hukauka kwa kemia, na kila kopo lina kipimo chake. Fundi anayepima kwa macho au kwa kizibo cha chupa anacheza kamari na gari la mtu. Ikipungua, rangi inabaki laini chini. Ikizidi, inakuwa ngumu na kukatika kama biskuti.

Ya tatu ni haraka. Mkono wa pili, yaani tabaka la pili, ukipigwa kabla thina (kioevu cha kuyeyushia rangi) ya mkono wa kwanza haijatoka, thina inafungiwa ndani. Itatoka tu, hata kama ni baada ya wiki tatu, na ikitoka rangi ya chini inasinyaa na kuivuta ya juu. Ya nne, rangi ngumu juu ya rangi laini. Magari ya zamani, na mengine yaliyopigwa rangi kwa bei ya chini, yana rangi ya seluloosi, ambayo hulainika tena ikiguswa na thina kali. Ukiweka rangi ya hadena juu yake umejenga nyumba ya matofali juu ya godoro.

Puti nene (puti ni ile ya kujazia mabonyeo ya bati) nitaisema peke yake huko chini, kwa sababu ndiyo inayonikasirisha zaidi.

Toyota yangu nyeupe haipasuki, inabanduka vipande vikubwa mpaka inaonekana kijivu. Ni ugonjwa huohuo?

Hapana. Hapo rangi imeachia kutoka kwenye ile praima ya umeme ya chini kabisa, na inatoka kama ganda la yai lililochemshwa. Utaiona zaidi juu ya paa, boneti na sehemu za juu za milango, palipo na jua. Toyota wenyewe walilikubali tatizo hili kwa baadhi ya magari yao meupe: Marekani walitoa huduma ya kuyarekebisha, na mwaka 2022 Toyota ya Australia ilitangaza programu kama hiyo kwa rangi namba 040 kwenye baadhi ya Corolla, RAV4 na Hiace. Walieleza kwamba mwanga wa jua unadhoofisha mshiko kati ya tabaka la chini na praima iliyo juu yake.

Kwa mwenye gari la mtumba hapa kwetu, maana yake ni moja: usikubali fundi asugue ukingo wa palipobanduka na kupaka hapo tu. Rangi iliyobaki pembeni imeshaachia hata kama bado inang'aa. Bandika tepu ya karatasi pembeni ya kidonda, ikandamize, ivute kwa nguvu. Ikija na rangi, endelea kutoa mpaka pale tepu itakapotoka tupu, na mara nyingi hiyo inamaanisha boneti nzima au paa zima.

Naweza kuufuta kwa polishi au kuujaza kwa ile kalamu ya rangi?

Ufa, hapana. Polishi inapunguza klia iliyobaki na kuacha unga mweupe ndani ya mistari, halafu unga huo ni kazi kubwa kuutoa wakati wa kupaka. Zile za nta zinazotangazwa kuwa zinafuta kila kitu hujaza ufa kwa muda tu, mpaka gari lioshwe mara mbili tatu.

Kalamu ya rangi inafaa palipopigwa na jiwe na kutoa tone la rangi. Safisha, toa kutu kwa ncha ya msasa uliokunjwa, gusa praima kidogo, kisha rangi kwa matone membamba, kila tone likauke. Hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani Jumapili.

Inabidi kusugua mpaka wapi?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, na jibu ni: mpaka ufa uishe, popote utakapoishia.

Naanza na msasa mkavu namba 180 kwenye kibao, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Nikifika mahali ambapo uso unaonekana safi, siuamini. Napuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi kutoka mbali, kama ukungu tu, naliacha likauke, halafu nasugua tena taratibu. Weusi unatoka kote isipokuwa pale ulipozama. Kama ufa bado upo, utaona uzi mweusi mwembamba kama unywele uliolala. Mara nyingi mteja aliyekuwa ameniambia "hapo pameisha, fundi" ndiye anayeuona wa kwanza.

Nakumbuka boneti ya Noah moja. Juu ilikuwa nyeupe ya lulu, safi kwa mbali, na nyufa za mguu wa kuku karibu na taa ya kushoto. Nikasugua kwa mviringo, na kadiri nilivyoshuka pete zikafunguka moja ndani ya nyingine: nyeupe, kijivu cha praima, bluu iliyoiva, praima nyingine nyekundu, na katikati kabisa puti ya rangi ya waridi. Gari lilikuwa limewahi kuwa bluu na mwenyewe hakujua. Nilipoigusa ile puti kwa bisibisi ikaingia bila kubishana. Unene wake pale ulizidi ncha ya kidole changu kidogo, na chini yake bati lilikuwa limebonyea na kuachwa hivyohivyo. Nyufa zote tulizokuwa tunazitazama juu zilikuwa zinatoka kwenye hilo bonyeo.

Mimi mwenyewe nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi niliwahi kuishia njiani. Ufa ulikuwa umebaki kidogo kwenye praima ya zamani, mwenye gari ana safari kesho yake, nikajaza kwa praima nene nikapaka juu. Ilipendeza. Masika hayajaisha, ufa uleule, kwa umbo lilelile, ukawa umerudi juu kama picha iliyopigwa fotokopi. Nilirudia kazi ile bure, na tangu siku hiyo vumbi jeusi nalipuliza kila kazi, hata ile ninayoona haihitaji.

Kwa hiyo kama ufa uko kwenye klia na rangi tu, utaishia kwenye praima ya kiwandani, na hiyo ukiikuta ni nzima iache. Hakuna praima utakayopuliza wewe itakayoishinda. Kama uko kwenye rangi za kurudiwarudiwa, shuka mpaka uipite yote. Kama uko kwenye puti, toa puti yote mpaka bati lionekane.

Kipimo kimoja cha kuongezea: lowesha kitambaa cheupe kwa thina na ukiweke juu ya rangi ya zamani nusu dakika, kisha futa. Kitambaa kikija na rangi, au uso ukiwa unanata, hiyo ni seluloosi au rangi isiyoiva. Iondoke yote.

Baada ya kufika chini, kazi inakwendaje?

Kwanza kingo. Ile mipaka kati ya tabaka na tabaka lazima ilazwe, kila pete iwe na upana wa kidole au zaidi, mpaka ukifumba macho na kupitisha kiganja usihisi ngazi. Fanya kwa kiganja kizima, na vaa glavu nyembamba ya pamba ukiweza, kwani kiganja kinachoteleza kinahisi vizuri zaidi. Msasa 80 unatumika kwenye bati na puti tu. Ukiacha mistari yake kwenye rangi ya pembeni, itajitokeza baadaye chini ya rangi mpya. Panda 120, 180, 240, 320.

Bati tupu halilali nje. Hapa pwani, hewa ya chumvi inaliwekea kutu ya machungwa kwa usiku mmoja. Wapo mafundi wanaoweka puti moja kwa moja juu ya bati lililosuguliwa, na kazi zao nyingine zinadumu. Mimi naanza na praima ya epoksi, naiacha ikauke, naikwaruza kwa 180, ndipo naweka puti. Ni siku moja zaidi, na sijajuta. Ila tahadhari: zile praima za asidi za kung'ata bati ni kitu kingine, na puti ya poliesta haikai juu yake. Ukichanganya hivyo, puti itaachia.

Sasa puti. Bonyeo linanyooshwa kwa nyundo na kibao, kwa mkono wa fundi bodi, mpaka libaki la milimita mbili tatu. Puti ni ya kusawazisha kilichobaki. Anayejaza shimo la sentimita moja kwa puti amemuuzia mteja ufa wa mwaka kesho, kwa sababu puti nene haichezi pamoja na bati, na mtikisiko wa barabara unaikata kidogokidogo. Na usiisugue puti kwa msasa wa maji. Inanyonya maji kama sponji, na maji yakifungiwa chini ya rangi utaona malengelenge, halafu kutu.

Praima ya hadena mikono miwili au mitatu, ikikauka isawazishe kwa 400, malizia kwa 600 au 800 wa maji. Futa mafuta kwa kitambaa kisafi na kioevu cha kuondolea mafuta, futa tena kwa kitambaa kikavu kabla kioevu hakijakauka chenyewe, na baada ya hapo usiguse kwa kidole. Jasho la kidole linaonekana chini ya klia.

Rangi yenyewe ipigwe nyembamba, mikono miwili au mitatu, na katikati usubiri mpaka mng'aro wa maji upotee kabisa na uso uwe mfu. Hiyo ni dakika tano hadi kumi, siku ya unyevu zaidi. Kabla ya klia mimi nasubiri dakika 15 hadi 20. Klia mikono miwili, ya kwanza nyepesi, ya pili ya kujaza. Na klia hupigwa panapoanzia hadi panapoishia kipande kizima, ukingo kwa ukingo. Kuikatisha katikati ya boneti na kuilainisha kwa thina kunapendeza siku ya kukabidhi tu, baadaye ule mpaka unaanza kubabuka.

Mwenye tanuri hukausha kwa nyuzi 60 kwa dakika 30 hivi. Asiye nalo alaze gari ndani usiku mzima, na vifaa vifungwe kesho yake.

Hadena ni kiasi gani?

Kiasi kilichoandikwa kwenye kopo ulilonunua. Klia nyingi ni sehemu mbili kwa moja ya hadena na praima nyingi ni nne kwa moja, lakini nyingi si zote, na hadena ya kampuni moja haiendi na klia ya nyingine. Nunua kikombe chenye mistari ya vipimo. Ni kitu cha bei ndogo sana kukilinganisha na kurudia kazi.

Puti inatumia karibu asilimia mbili, yaani gramu mbili za hadena kwa gramu mia za puti. Changanya kwa kukandamiza, usikoroge kama uji, kwa maana ukikoroga unaingiza hewa na kila kipovu kitakuwa tundu. Acha pale rangi inapokuwa moja bila michirizi. Ikizidishwa hadena ili ikauke haraka, kemikali iliyobaki hupanda na kuchora doa la njano juu ya rangi nyeupe.

Masika inapaswa nisubiri?

Kama gereji ina chumba kilichofungwa, usisubiri. Kama fundi anapulizia nje chini ya turubai, subiri. Hewa yenye maji mengi hulazimisha rangi kuvuta ukungu mweupe inapokauka, na unyevu uliobaki kwenye kingo za puti hautoki kwa kufuta.

Muulize pia kuhusu kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa ya kupulizia rangi. Sisi tunafungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi, na siku za mvua kabla ya kila kazi. Yanatoka maji ya rangi ya chai. Asiyefungua koki, maji hayo hupita kwenye bomba na kutua juu ya gari lako pamoja na rangi.

Bampa langu limepasuka rangi lakini plastiki ni nzima. Kwa nini?

Bampa hubonyezwa na kurudi: ukuta wa kuegeshea, goti la mtu, pikipiki. Plastiki inarudi, rangi iliyopigwa kama ya bati hairudi. Utaona mistari sambamba au duara kuzunguka pale palipobonyezwa.

Geuza bampa uangalie ndani, kuna herufi. Ukiona PP, ni polipropileni, plastiki ambayo hakuna rangi inayoipenda. Inahitaji praima maalumu ya plastiki kwanza, na rangi na klia zitiwe dawa ya kulainisha kama kopo linavyoelekeza. Lioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya lolote. Magari mengi ya mtumba yana bampa lililowahi kupakwa silikoni ya kung'arisha, na silikoni ikibaki, rangi itakimbia na kuacha vidimbwi vya mviringo kama macho ya samaki.

Rangi itafanana?

Ukitafuta namba ya rangi, na fundi akikubali kwamba namba ni mwanzo tu. Kwenye Toyota tazama kibati kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mstari wa C/TR: herufi za kwanza ni rangi ya nje, za pili ni ya ndani. 202 ni nyeusi, 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu. Tofauti ya hizi mbili za mwisho inawaumiza wengi. 040 ni rangi moja na unaweza kuipata ikafanana vizuri. 070 ni nyeupe chini, lulu katikati, klia juu, na idadi ya mikono ya lulu inabadilisha rangi. Fundi makini atapaka kwanza kipande cha bati cha majaribio, mkono mmoja, miwili, mitatu, akakisimamisha kando ya mlango nje penye mwanga, kisha akachagua. Asiyefanya hivyo atakupa boneti ya krimu juu ya gari jeupe.

Rangi za fedha na kijivu cha metali zinafifishwa kidogo kuingia kwenye kipande cha jirani, na jirani huyo hupigwa klia yote. Ndiyo maana unaombwa ulipie na fenda wakati shida ilikuwa boneti. Hapo fundi hakuibii.

Naagiza gari Japani. Nitajuaje kwamba lilishapakwa puti?

Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari pale lilipouzwa Japani, na usome ule mchoro wa gari lililofunuliwa kama ngozi. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni alama ya matengenezo ya bodi, P ni kasoro ya rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa: W1 ni kazi ambayo hutaiona kirahisi, W3 itaonekana. Gari lenye W si baya, Wajapani wengi wanatengeneza vizuri. Ila ukiliona W2 kwenye boneti usishangae nyufa zikianza hapo baada ya jua letu la miaka miwili.

Kwa gari lililoko hapa tayari, kipimo cha unene wa rangi kinamaliza ubishi. Mikroni 100 hadi 180 ni ya kiwandani, ikizidi 300 imepigwa juu, ikifika elfu na kuendelea unapima puti. Usipokuwa nacho, chukua sumaku dhaifu ya friji, ifunge kitambaa chembamba, uitembeze polepole. Inapolegea, chini kuna puti. Usidanganyike na boneti za alumini kama ya Prius, sumaku haishiki popote hata kama rangi ni ya kiwandani.

Moshi wa rangi una madhara gani? Vijana wako wanajifunga kitambaa tu?

Hawajifungi kitambaa, na naomba swali hili mteja aliulize kila gereji anayoingia. Hadena ya rangi za kisasa ina kemikali iitwayo isosayaneti. Ukiivuta mara nyingi mwili unaweza kuikataa ghafla, na kuanzia hapo hata kiasi kidogo kinakufungia kifua. Ni pumu ya kazini, na wengine hawarudi tena kwenye fani. Haina harufu ya kukuonya mapema. Barakoa ya hospitali na kanga iliyolowa maji havizuii chochote. Kinachotakiwa angalau ni kinyago cha mpira chenye vichujio vya mkaa na vya chembechembe, kilichobana uso, vichujio vibadilishwe kwa wakati. Bora zaidi ni kile kinachovuta hewa safi kwa bomba kutoka nje. Glavu na miwani pia, maana inapita hata kwenye ngozi. Vumbi la kusugua nalo si la kuchezea, hasa magari ya zamani ambayo rangi yake inaweza kuwa na madini ya risasi.

Kijana anayejifunza kazi hii hana sauti ya kudai kinyago. Mteja anayo.

Kwa nini fundi mmoja anataka bei mara tatu ya mwingine?

Waombe wote wawili waseme maneno haya: utasugua mpaka wapi, praima gani, klia ya hadena au ya kupuliza tu, na ukikuta puti nene ndani tutafanyaje. Anayetaja bei kabla ya kugusa boneti amekutajia bei ya kufunika. Mimi hutoa bei ya awali, nasugua sehemu ndogo mteja akiwepo, ndipo tunakubaliana. Omba pia picha ya boneti ikiwa imesuguliwa, kabla ya praima. Simu kila mtu anayo.

Itachukua siku ngapi?

Boneti moja yenye nyufa za kufika kwenye puti: siku tatu hadi nne. Ukiambiwa njoo jioni, kuna hatua imerukwa.

Baada ya kupakwa niitunze vipi?

Wiki moja usioshe kwa sabuni, na mwezi mzima usipake nta, rangi bado inatoa hewa yake. Kivuli cha mwembe kinavutia lakini utomvu na kinyesi cha popo vinaunguza klia changa; vikidondoka, lowesha na ufute siku hiyohiyo, usisubiri vikauke ukavikwangua. Ukirudi kutoka Zanzibar na gari kwenye meli, au ukiishi karibu na ufukwe, mwagia maji ya bomba kuondoa chumvi.

Ufa umerudi palepale baada ya miezi mitatu. Nimdai fundi?

Tazama umbo lake kwanza, na kama ulipiga picha ya zamani iweke pembeni. Ukirudi kwa ramani ileile, haukutolewa, na fundi arudie kwa gharama yake. Ukiwa mstari mmoja uliopinda kufuata duara la kiraka, ni ukingo wa puti umeachia. Ukiwa nyufa ndogondogo kote kwenye kipande, hata pale pasipokuwa na shida mwanzo, ni unene au hadena, na kipande chote kishuke chini. Na kama umeanzia kwenye alama mpya ya kugongwa, hiyo ni ajali mpya. Nenda mapema, kabla ya mvua, maana ufa uliokaa masika nzima utamkuta fundi na kutu, na kutu inabadilisha mazungumzo yote ya nani alipe.